Wino Ulipauka, Penseli Ikabaki

Tulimwita Fundi. Kwa watu wetu wa asili ya Ngazija pale Mahajanga, fundi ni mwalimu kwanza, na yeye kweli alifundisha ingawa hakuwahi kuwa na chuo wala darasa. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za viwanja katika ofisi moja ya watu binafsi wapima ardhi, na mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka mingi nikipiga chapa. Sitaeleza alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani. Wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi, na sioni kama yalimsaidia kwa lolote. Ninachotaka kueleza ni jinsi alivyokuwa, na jinsi alivyopoteza kazi yake kwa kosa langu, kwa ajili ya nyumba moja ya mtaa wa Tsaramandroso ambayo sikustahili kulala ndani yake. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili. Mwenyewe aliyasema kwa Kimalagasi cha kwetu, na tukiwa wawili tu, kwa Kingazija. Nimechoka kulibeba jambo hili, naliandika ili nilitue.

Alikuwa na mambo yake. Penseli alizichonga kwa wembe kila asubuhi, saba, akazipanga kwa urefu, kisha akatumia ile fupi kuliko zote mpaka ishindwe kushikika. Kifutio hakukigusa. Akikosea alipiga mstari mwembamba juu ya kosa, akaandika lililo sahihi pembeni, ili atakayekuja baadaye aone kwamba hapa palikosewa na hapa palirekebishwa. Mkubwa wetu alilalamika kwamba karatasi zake zinaonekana chafu. Fundi alimjibu kwa upole kwamba karatasi safi mno ndiyo ya kuogopwa, na siku ya pili akaendelea vilevile.

Alikula mokari mbili, vile vitumbua vya mchele vya asubuhi, kimoja akifika na kingine saa nne. Cha saa nne alikila amesimama dirishani, amenyoosha shingo nje, ili makombo yasiangukie viwanja vya watu. Neno "hapana" halikumtoka. Mtu akimwuliza kama ramani yake imekwisha, alisema bado. Akiulizwa kama ataoa tena baada ya mkewe kufariki, bado. Mlinzi wa mlangoni alimwuliza siku moja kama ameshakufa, naye bila kuinua kichwa akasema bado, na ofisi nzima ilicheka isipokuwa mkubwa.

Mara ya kwanza nilipomwona sikuwa ofisini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimesimama kwenye ua usio wetu, na ufagio mkononi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya watu wetu wengi kuondoka Mahajanga kwa haraka ambayo sitaki kuieleza hapa, anayeijua anaijua. Walioondoka waliwaachia majirani funguo. Jirani yetu, mwokaji mikate, alimpa mama yangu ufunguo wa nyumba yake na kumwomba amfagilie ua. Hiyo ndiyo desturi yetu: ua wa asiyekuwepo hufagiliwa kila Ijumaa kabla ya swala, ili nyumba isiitwe gofu na mwenyewe asihesabiwe miongoni mwa waliopotea. Ijumaa ile mama alikuwa ananionyesha jinsi ya kufagia kuzunguka tanuri, maana majivu yalikuwa yamemwagika pale.

Fundi aliingia na futi ya kamba na ubao wake. Alipima ua, akapima nyumba, akalichora hata tanuri, duara dogo nyuma ya jiko. Halafu akamwuliza mama nyumba ni ya nani. Mama akasema ni ya mwokaji, lakini ufunguo anao yeye. Fundi akachovya kalamu ya chuma kwenye chupa ya wino wa zambarau, ule wa watoto wa shule, kwa kuwa wino mweusi wa kuchorea ulikuwa haupatikani tena madukani, akaandika jina la mwokaji katikati ya kiwanja. Kisha akatoa penseli, akaandika jina la mama chini yake.

Mama aliliona. Aliuliza, kwa kicheko ambacho hakikuwa kicheko sana, mbona yeye anaandikwa kwa penseli.

"Kwa sababu ufunguo huhama, mama," Fundi alisema. "Nyumba haihami."

Hivyo ndivyo alivyoupita mtaa mzima, kiwanja kwa kiwanja: mwenyewe kwa wino, mshika ufunguo kwa penseli. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alibuni mwenyewe, na kwa miaka hiyo ndiyo iliyokuwa kumbukumbu pekee ya nani ni nani katika upande ule wa mji.

Baadaye nilipoajiriwa nilimkuta hajabadilika ila mvi. Nilijifunza kwamba alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na wala hakujali. Alipima nyumba za mji mzima lakini yeye alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na humo kitanda kilikaa upandeupande kwa sababu hakuwahi kukipimia nafasi. Alikuwa mtu wa swala tano, ila mstari ukimpinda alitoa maneno ambayo mimi mtoto wa watu siwezi kuyaandika, kisha akaomba msamaha, akiielekea rula. Alinifundisha hesabu za pembe kwa miezi, jioni baada ya kazi, bila kutaka chochote, na binti yake mwenyewe alipotaka kujifunza alimwambia akasome ushonaji.

Tena alikuwa mwoga wa maji kupindukia. Ofisi ilitutuma mara moja kisiwani Nosy Be kurekebisha ramani za mashamba ya zamani ya langilangi. Kutoka Mahajanga mpaka kivuko cha Antsahampano ni safari ya gari ya kuvunja mifupa, na ukifika ukingoni unakuta maji yameondoka na boti imelala kwenye matope, basi unakaa ungoje yarudi. Fundi alikaa juu ya mzigo wake ameyapa maji mgongo. Nilimchokoza. Nikamkumbusha kwamba pwani yote ya kisiwa kile ameichora yeye, kila ghuba na kila mwamba, anaogopa nini?

"Ile ya kwenye karatasi nimeichora mimi," alisema. "Hii hapa sikuichora."

Tulipovuka alitapika mwanzo mpaka mwisho. Dada yake aliyekuwa anaishi kule alimpokea na ndimu, na Fundi akaapa mbele yetu wote kwamba hatakaa mahali ambapo mtu hawezi kutoka kwa miguu yake. Nakumbuka kiapo hicho vizuri kwa sababu kule kule ndiko alikoishia.

Kompyuta ilipoletwa ofisini, katika miaka ya tisini, tulijua ndiyo mwisho wa Fundi. Mtu wa wembe na penseli saba, atakubali vipi? Vijana wawili wa ofisi walishaanza kuipigia hesabu meza yake iliyo karibu na dirisha. Yeye akavuta kiti mbele ya mashine, akavaa miwani, akakaa. Hakuinuka mpaka swala ya alasiri.

Ilikuwa programu ya namna mbili katika moja. Upande mmoja wa skrini unachora, upande wa pili una kadi za majina na maelezo. Kiwanja kilikuwa mchoro, mwenye kiwanja alikuwa kadi. Juu kabisa palikuwa na mstari wa menyu, kwa Kifaransa, na kila neno ukilibonyeza lilikuteremshia amri zake. Mchoro peke yake haukuwa na mtu, na kadi peke yake haikuwa na mahali. Amri moja tu ndiyo iliyovikutanisha, nayo ni Unga. Ukiunga, mstari wa kiwanja uliokuwa mwekundu unageuka kijani, na tangu hapo ukikigusa kiwanja, jina linatokea.

Fundi alinunua daftari la shule akaandika amri zote humo, kwa Kingazija, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni utotoni, na mbele ya kila amri akaandika alivyoiona. Nililisoma mara nyingi hata sasa nalijua. Fungua: haina madhara. Kuza: ni kwa ajili ya macho, haibadilishi kitu. Hifadhi: kila baada ya kiwanja kimoja, usingoje kumaliza mtaa. Sogeza: ogopa. Unga: uliza kwanza. Tengua: hatua moja tu. Funga Jedwali: orodha ya majina inatiwa kufuli, usiguse bila mtu wa pili.

Lile la Tengua lilimgusa zaidi. Programu ile ya zamani ilikuruhusu kurudi nyuma hatua moja, basi. Ukifanya jambo la pili, la kwanza limeshakuwa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini Fundi alifurahi kuona mashine nayo inalijua hilo, tena kwa kipimo. Akaligeuza kuwa usemi wake. Karani mmoja alipotaka kumwandikia talaka mkewe kwa hasira za chakula, Fundi alimwambia Tengua ina hatua moja tu, na karani akarudi nyumbani. Mlinzi alipotaka kuacha kazi aliambiwa hilohilo. Ilifika tukachoka nalo, akifungua mdomo tunalimalizia.

Kwa nini aliipenda mashine ile, nilikuja kujua asubuhi moja tukiwa wawili tu. Alikuwa anamimina kahawa, na kahawa ilikuwa inaanguka nje ya kikombe. Aliona nimeona. Akaweka birika chini na kuificha mikono mapajani.

"Hii haioni kwamba mkono unatetemeka," alisema, akiielekeza kompyuta kwa kidevu. "Nikiiambia mstari, inaupiga ulionyooka. Majina andika wewe, mwanangu. Mimi nitachora. Wewe ndiye vidole vyangu."

Sikumwambia mtu, na yeye hakunishukuru kwa hilo. Tukagawana kazi hivyo: yeye anachora viwanja kwa kubonyeza vitufe, mimi naandika kadi, kisha yeye anakagua na kutia sahihi kwenye orodha. Sahihi yake nayo ilikuwa imeanza kuyumba, lakini nani huangalia sahihi ya mzee.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Tulipofikia Tsaramandroso, zile karatasi za mwisho wa miaka ya sabini zilitolewa kabatini. Kabati lilikuwa linatazama dirisha la magharibi, na mlango wake wa kioo ulikuwa umelipokea jua la Mahajanga karibu miaka ishirini. Wino wa shule si wino. Majina yale ya zambarau yalikuwa yamepauka kabisa, yamebaki madoa ya rangi ya chai nyepesi. Penseli ilikuwa pale pale, nyeusi, kana kwamba imeandikwa jana. Na kadi ya kompyuta ilikuwa na nafasi moja tu ya jina. Iliandikwa: Mwenye Kiwanja.

Mkubwa alitaka mtaa umalizike wiki ile, kuna wageni wa kuonyeshwa. Niliandika nilichokiona. Jina, namba, jina, namba. Viwanja vingi vya mwanzo nasema kweli niliviandika bila kufikiri. Macho yaliona jina na vidole vikaliandika. Kisha nikafika kwenye kiwanja chenye duara dogo nyuma ya jiko.

Hapo mkono wangu ulisimama. Jina lililosomeka lilikuwa la mama yangu. Juu yake palikuwa na doa. Nilikumbuka ufagio, nikakumbuka majivu, nikamsikia mama akiuliza mbona mimi kwa penseli. Nikajua papo hapo kwamba si kiwanja hiki tu, ni karatasi nzima nimeiandika kinyume, walinzi wa nyumba nimewafanya wenyewe. Nilijua. Nisije nikadanganya hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Nikalitazama jina la mama kwenye ile nafasi ya mwenye kiwanja, likanipendeza. Nyumba yetu wenyewe ilikuwa ya mabati yaliyooza. Nikajiambia nitamwuliza Fundi baadaye. Nikateremsha menyu, nikachagua Unga Zote. Mtaa mzima uligeuka kijani kwa mkupuo mmoja. Amri ya Tengua ilikuwa pale juu, na hatua yangu moja nilikuwa nayo bado. Nikainuka, nikaenda kunywa kahawa.

Niliporudi Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na orodha mkononi, kwa ajili ya kufunga jedwali, amri ile isiyoguswa bila mtu wa pili. Aliniuliza kama penye shaka nimeuliza. Nikasema nimeuliza. Hakuniuliza nimemwuliza nani. Aliangalia skrini kidogo, akatia sahihi, na mimi nikafunga.

Haikupita miezi mingi, mzee mmoja wa mtaa akaja ofisini amekasirika. Alikuwa ameletewa karatasi inayosema nyumba ya jirani yake aliyehamia Moroni ni yake. "Mmeniandikia nyumba ya mtu," alimwambia mkubwa. "Mimi nimeachiwa ufunguo tu. Mnataka nikamjibu nini Mwenyezi Mungu?" Baada yake wakaja wengine, na baada ya hao, watoto wa walioondoka.

Mkubwa alituita. Karatasi zikatandazwa mezani, zile za penseli nyeusi na madoa. Akauliza nani ameandika majina haya. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Fundi alitangulia.

"Sahihi ni yangu," alisema.

Akaulizwa kama hakuona kosa kubwa kama hilo. Akasema mzee haoni kila kitu. Siku hiyo hiyo alikusanya penseli zake saba na daftari, akazikunja zile karatasi za madoa ambazo hakuna aliyezitaka tena, akanipa mkono kama kawaida, akaondoka kwa miguu. Vijana walisogeza meza yake kabla hajafika kona.

Jedwali halikufunguliwa. Mkubwa aliona aibu kuwaambia wageni wake kwamba mtaa mzima umekosewa, akatoa sharti: atakayetaka kiwanja kirekebishwe, alete maandishi yenye sahihi ya yule aliyeandikwa, akikiri kwamba si chake. Nadhani alidhani hakuna atakayefanya hivyo. Hakumjua Fundi. Wala, niseme ukweli, hakuwajua watu wa Tsaramandroso.

Miaka iliyofuata nilimwona Fundi kwa mbali tu, akipita vichochoroni na mfuko wa plastiki wenye karatasi. Majina yaliyopauka aliyapata kwa ujanja wa kazi yake. Kalamu ya chuma huacha mfereji kwenye karatasi hata wino ukitoweka. Alisugua penseli laini juu ya doa, na herufi zikajitokeza nyeupe. Kisha alikwenda nyumba kwa nyumba kwa wale wa penseli, akakaa, akanywa alichopewa, akaeleza, na wao wakatia sahihi, mmoja baada ya mwingine. Wengine walilia. Wengine walikuwa wamekufa, wakasaini watoto wao. Kila karatasi aliipeleka ofisini na kumwachia mlinzi mlangoni. Hakuingia ndani, hakuniuliza kitu, na hilo lilinikondesha kuliko matusi.

Kwetu alikuja mara tatu. Binti wa mwokaji alikuwa ameshamtangulia. Alifika siku moja kutoka Ngazija, mama mtu mzima, akamwamkia mama yangu kwa heshima, kwezi, na mama akamwitikia, akamkaribisha chai na keki ya nazi. Alisema baba yake amefariki, na amekuja kuulizia nyumba. Mama akamwonyesha karatasi ya ofisi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nakata keki. Yule dada hakubishana. Aliomba tu aone tanuri. Akalishika kwa kiganja kama mtu anayepima homa, akatuaga.

Mara ya tatu Fundi alipokuja, mama alimwambia kwamba ameufagia ua ule kwa miaka ishirini, na kufagia nako ni namna ya kumiliki. Fundi alimaliza chai yake. Akasema bado, akaondoka. Baada ya hapo nikasikia amevuka kwenda Nosy Be kwa dada yake, kule alikoapa hataishi.

Mama alifariki. Bati letu lilianguka, nikahamia nyumba ya mwokaji, maana karatasi ilisema ni ya mama na mama hakuwa na mwingine. Niliishi humo miaka mingi. Ukitaka kujua mtu anaishije katika nyumba kama hiyo, anaishi vizuri. Anapika, anafua, anapokea wageni. Ila Ijumaa asubuhi nilikuwa sifagii. Nilifagia Alhamisi, au Jumamosi.

Mwaka huu, mwanamke anayeuza vitambaa kati ya Nosy Be na Mahajanga aliniletea salamu. Fundi amesema, jedwali lake limebaki kiwanja kimoja. Basi, hakuongeza. Nilikaa na salamu hizo wiki mbili, nikafunga mkoba.

Antsahampano maji yalikuwa yameondoka. Nilikaa juu ya mkoba wangu na kujikuta nimeyapa mgongo.

Nilimkuta barazani kwa marehemu dada yake, juu kidogo ya mji, harufu ya langilangi imejaa hata kwenye mapazia. Amekuwa mdogo. Kikombe anakishika kwa mikono miwili na bado kinagonga meno. Aliniuliza kama nimetapika njiani, nikasema hapana, akaonekana kuona wivu. Hakuwa na mazungumzo mengine ya kupoteza. Aliniingiza ndani.

Mezani palikuwa na kompyuta ya kijivu ya zamani, aliipata katika hoteli iliyofungwa, na ndani yake programu ile ile, kwa nakala aliyoondoka nayo. Alikuwa ameuchora mtaa wote upya kwa kubonyeza vitufe. Kadi alikuwa ameziongezea nafasi ya pili. Ya juu, Mwenye Kiwanja. Ya chini, Mshika Ufunguo. Viwanja vyote vilikuwa kijani. Kimoja, chenye duara dogo nyuma ya jiko, kilikuwa chekundu.

"Hiki nimekuachia," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema, "Fundi, nilijua. Siku ile nilijua."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwanangu. Niliuona mkono wako umesimama. Nikaona umeinuka umekwenda kunywa kahawa."

Miaka yote nilimficha siri aliyokuwa anaijua. Nikamwuliza mbona hakusema. Alijibu bila kunitazama.

"Nikisema, wanakufukuza. Wakikufukuza, nani ataniandikia? Wataona mikono hii. Nikatia sahihi. Usinifanye walii. Wewe uliunga, mimi nilifunga."

Nikaketi mbele ya mashine. Alikuwa ameshaniwekea karatasi ya kukiri kando ya kibodi, imeandikwa yote, imebaki sahihi. Nikamwuliza, kwa sauti niliyoionea haya, nikisaini hii nitalala wapi.

"Hilo silijui," Fundi alisema. Akaongeza kwamba binti wa mwokaji anamwandikia kila mwaka, na hajawahi kuuliza habari za vyumba. Anauliza kama tanuri bado limesimama.

Nikafungua kadi. Jina la mwokaji sikuhitaji kulisugulia penseli. Nililijua siku zote. Nikaliandika juu. Nafasi ya chini ilinisumbua. Mama hayupo tena, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wangu. Nikaandika jina langu. Nikateremsha menyu, nikachagua Unga, na mstari mwekundu wa mwisho ukawa kijani.

Fundi alikuwa ananiangalia. Akainuka kwa kushika meza.

"Tengua bado ipo," alisema. "Hatua moja." Akaenda jikoni kutengeneza kahawa, taratibu sana, akaniacha na mashine.

Nilisikia vikombe vikigongana mikononi mwake. Nilifikiria bati, nikafikiria umri wangu, nikamfikiria binti wa mwokaji na kiganja chake. Nikachagua Hifadhi. Kisha nikaivuta ile karatasi nikatia sahihi, na aliporudi kahawa ikiwa nusu kikombe, nusu sahani, alikuta nimeshamaliza, akaketi nami tukanywa.

Karatasi niliifikisha ofisini, na Fundi akamwandikia binti wa mwokaji aje. Ijumaa iliyofuata, kabla ya swala, niliufagia ua wa mwokaji kuanzia mlango mpaka nyuma ya tanuri. Halafu nikakaa kizingitini, ufunguo mkononi, nikamngoja binti yake.